Mwanangu kaona "Vilimanjaro", tukamcheka, sasa kanyamaza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi. Wa kwanza ana miaka minne na miezi mitatu. Asubuhi moja mlima ulikuwa wazi kabisa, akatoka nje na kaptula mkononi akipiga kelele: "Mama, njoo uone! Leo Vilimanjaro viko viwili!" Tulicheka hadi machozi. Baba yake akawa anamwita kila mgeni akija: "Hebu mwambie anko uliona nini." Mara ya kwanza alisema, mara ya pili akasema kwa sauti ndogo, siku ya tatu akajificha nyuma ya pazia. Sasa akiuona mlima ananyoosha kidole tu. Mama mkwe ananiambia ningemsahihisha mapema yasingetokea haya. Tumemkosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika kwenye hiyo kaptula mkononi nafurahi upya.

Kwanza nikuambie alichofanya mwanao. Amesikia kiatu na viatu, kiti na viti, kikombe na vikombe. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Kaigundua kanuni mwenyewe, halafu siku alipoona ncha mbili za mlima, Kibo na Mawenzi, kwa pamoja, akaichukua kanuni ile akauvika mlima wa mita 5,895. Sisi watu wazima tumefanya vilevile. Kipilefti ni maneno ya Kiingereza ya kumwambia dereva abaki kushoto, tukaona kinaanza na "ki", basi leo madereva wote wanazunguka vipilefti na hakuna anayewacheka.

Miaka 27 niliyofundisha chekechea nilikuwa na kaunta buku ya maneno kama hayo, na tarehe zake. Kuna binti aliyenieleza kwamba kwao walikuja wageni wawili wakanywa vyai. Chakula, vyakula, chumba, vyumba, kwa nini chai isiwe vyai? Nilimwuliza, "Ehee, na wewe ulikunywa chai?" Akasema, "Nilikunywa chai na mkate." Yakaisha hapo.

Hilo ndilo la kumjibu mama mkwe, kwa heshima zote: neno sahihi analipata ndani ya mazungumzo, huhitaji kumkatiza. Akikuonyesha tena, mwambie, "Eeh, nauona Mlima Kilimanjaro, na vilele vyake viwili, Kibo na Mawenzi." Kilele, vilele. Ile "vi" yake umeipatia pa kukaa. Kisha msimulie wanavyosimulia wazee wa Kichagga: Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, akazidisha, hadi Kibo akachoka akampiga, ndiyo maana Mawenzi yuko vile, kachongoka-chongoka. Watoto wa umri huo wanaipenda mno, na watataka uirudie wewe.

Sasa kuhusu kicheko. Kile cha kwanza hakikuwa na kosa. Nina hakika na yeye alicheka. Kilichomuumiza ni kuitwa mbele ya wageni. Alikuwa na habari njema ya kuwapa, akaona wanaocheka hawautazami mlima, wanamtazama yeye. Hilo mmemkosea, na kwetu kosa lina dawa yake.

Kitinda mimba wangu alipokuwa na miaka mitano tulikuwa kwa bibi yake Marangu. Alikula kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, cha mdogo wa binamu yake, akala chote, sufuria akairudisha jikoni. Mtoto yule akalia sana. Mwanangu alikuwa amewahi kuona wazee wakiombana msamaha kwa jani la sale, basi akatoka mbio. Akarudi amekumbatia mmea mzima, mrefu kuliko yeye, na mizizi yake na udongo umemjaa kifuani. Aliona jani moja halitoshi kwa kiburu cha sufuria nzima. Na aliling'oa sale la mpakani, lile linaloonyesha shamba linaishia wapi! Bibi yake hakumgombeza. Alichuma jani moja akampa amkabidhi mwenzake, kisha wakaenda pamoja, wao wawili, kulipanda tena kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Nilisimama mgombani nikiwatazama wakishindilia udongo kwa miguu, mguu wa bibi, mguu wa mtoto. Siku hiyo sijaisahau.

Kwa hiyo baba yake atafute jani la sale. Siku moja amkeni naye alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, ampe jani hilo mkononi na amwambie, "Nisamehe, nilikuita mbele za watu." Halafu wakae kimya, wautazame. Mtoto ndiye aanze kusema.

Na wewe weka daftari karibu. Ukurasa wa kwanza andika Vilimanjaro, na tarehe, na hiyo kaptula.