Keki imeiva juu, katikati ni mbichi

SWALI: Shikamoo, mshauri wa mapishi. Ninaishi Uyole, Mbeya. Nimenunua oveni ya umeme yenye feni, lakini keki niliyozoea kuipika kwa nyuzi 180 katika oveni ya zamani sasa inapasuka na kuwa kahawia mapema, na kijiti nikikichomeka katikati kinatoka na rojo. Je, oveni ni mbovu?

JIBU: Marahaba. Oveni ni nzima; kilichobadilika ni namna joto linavyokifikia chakula. Katika oveni isiyo na feni, hewa moto hupanda polepole na chakula hubaki kimezungukwa na tabaka jembamba la hewa yenye joto pungufu, ilhali feni hulipeperusha tabaka hilo bila kukoma, hivyo uso wa keki huiva na kukakamaa kabla joto halijapenya katikati. Pika kwa nyuzi 160, na anza kuichungulia kupitia kioo dakika 10 kabla ya muda uliouzoea.

Mbeya nayo ina lake. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa ni mdogo na keki huumuka upesi mno, kwa hiyo punguza baking poda kidogo.

Feni yenyewe usiichukie. Jaribu viazi mviringo vilivyokatwa vipande, vikapakwa mafuta na kutandazwa bila kubanana kwenye trei ya kingo fupi: vitakauka nje, vilie vikitafunwa, na ndani vibaki laini.