Mzee wenu akiwa hai, muulizeni vitu vidogo vidogo

Nimefanya kazi miaka 9 kwenye kliniki ya mbwa na paka hapa California, bosi wangu alikuwa mzee wa Kifilipino na wote tulimwita Dok tu. Nyumbani tungemwita daktari wa mifugo, ingawa hawa paka wa huku wanaolala kitandani na wenye nyumba kuwaita mifugo napata shida kidogo. Dok alifariki mwaka jana. Binti yake mkubwa akanipigia usiku, dada wewe ndo ulikuwa naye kutwa nzima, njoo utusaidie kuandika wasifu wa baba.

Nikajua ni kazi ya saa moja. Aisee.

Tukakaa mezani wanne na mstari wa tatu tu ukatushinda. Mmoja anasema baba alifika Marekani 1971, mwenzake anakataa kabisa, baba aliondoka baada ya Marcos, rais wa Ufilipino, kutangaza utawala wa kijeshi na hiyo ilikuwa Septemba 1972, sasa 1971 inatoka wapi? Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mama yao, ambaye tulidhani kalala, akatoka chumbani na bahasha ya kaki imejaa pasipoti za zamani. Mhuri wa Dok ulikuwa wa 1974. Na kumbe aliyetangulia kuja ni yeye mama, alikuja kama nesi, maana sheria mpya ya uhamiaji ya 1965 ilishawafungulia mlango wenye taaluma kutoka Asia na hospitali za huku zilikuwa zinawatafuta manesi wa Kifilipino, Dok akamfuata mkewe baadaye. Watoto wana miaka hamsini kasoro, maisha yao yote wanasimulia kwamba baba ndo kawaleta Marekani. Mama akasema tu, hamkuniuliza.

Kwa hiyo jamani makaratasi kwanza, kumbukumbu baadaye. Kwenye bahasha ileile kulikuwa na cheti chake cha Chuo Kikuu cha Ufilipino, kitivo cha udaktari wa wanyama ambacho kipo tangu 1908, na chini yake vipande vya mshahara vya kliniki fulani ambako alikuwa anaosha vizimba. Mtu kashahitimu, kashatibu nyati wa kulimia mpunga, anafika huku anaambiwa cheti hakitoshi, rudia mitihani, wa kuandika na wa vitendo, halafu utafute leseni ya jimbo. Usiku anasoma, mchana anafagia mavi ya mbwa kwa mtu ambaye hata siku moja hakumwita daktari. Sisi wa ughaibuni tunaijua hiyo, nina kaka alikuwa mwalimu wa fizikia sasa hivi anaendesha Uber.

Sasa namna ya kuuliza. Ukimwambia mzee "tusimulie maisha yako" utapata nilizaliwa, nikasoma, nikaoa, namshukuru Mungu, imeisha. Mimi nilimuuliza Dok hivyo akanijibu "kawaida tu". Lakini jioni moja tunafunga nikamuuliza kwa nini kila mara kipimajoto anakishika kwanza kwenye kiganja kabla ya kumpima mnyama, anakifumbata kama mtu aliyeshika kifaranga. Akavuta kiti. Nikasikia habari za nyati wa baba yake, kule wanaitwa karabao, kamba imepita puani, yeye mtoto wa miaka saba anaishika hiyo kamba wakati mganga wa wanyama anafanya kazi nyuma kwa haraka na mikono ya baridi, nyati akaruka akamburuta Dok kwenye tope la mpunga. Aliongea dakika 40, akataja mpaka jina la nyati. Na mimi simu ninayo mkononi, sikurekodi! Nikamwambia Dok tutaendelea wiki ijayo. Wiki ijayo kliniki ilijaa, iliyofuata nikawa na shifti nyingine, halafu akalazwa. Jina la yule nyati nimelisahau na hakuna wa kumuuliza.

Kingine, msiwaachie watoto peke yao hiyo kazi, wao wanamjua baba, wa kazini tunamjua mtu mwingine. Wanawe hawakujua kwamba akimlaza mbwa mzee usingizi wa mwisho alikuwa anakaa chini sakafuni na mwenye mbwa mpaka aishe kulia, goti bovu na yote. Tulifuta "mchapakazi, mpole, mcha Mungu" tukaweka hilo, na kile kipimajoto, na jinsi alivyokuwa anaonyesha vitu kwa mdomo, anabinua tu midomo kuelekea kwenye mkasi, wasaidizi wapya wanadhani kawanunia. Kanisani ilipofika hapo watu walicheka kwa sauti.

Msiba wenyewe ulinirudisha Tanga. Sala za siku 9, wao wanaita pasiyam, kisha arobaini kabisa kama yetu. Bahasha za rambirambi. Wajukuu wanamshika bibi mkono wanaugusisha kwenye paji la uso, ndo shikamoo yao hiyo. Ila ukitoka msibani huruhusiwi kwenda nyumbani moja kwa moja, lazima upitie mahali ili marehemu asikufuate, basi usiku ule tuko kumi na kitu tumevaa nyeusi tunakula donati.

Kesho yake nikampigia baba yangu. Sikumuuliza maisha yake, nilimuuliza ile baiskeli yake ya zamani aliinunua kwa nani. Akasema kwani nakufa? Nikabonyeza kurekodi. Akacheka, akasema haya, yule aliyeniuzia alikuwa mwizi, subiri nikae vizuri.