Maswali yenu: moto unafanya nini ndani ya udongo?

Mfinyanzi, Kisarawe: Chungu nikikianika juani hata wiki mbili kinakauka kau, lakini nikikitumbukiza kwenye ndoo kinamomonyoka. Nikikichoma, maji hayakiwezi tena. Kwani jua halikaushi?

Linakausha, mama, ila maji ya kawaida tu, yale yaliyojibanza kati ya chembe. Kuna mengine hata hayajawa maji: ni jozi za oksijeni na haidrojeni zilizofungwa ndani ya fuwele yenyewe. Chukua kaolini, udongo mweupe. Ni kama chapati mbili zilizobandikana. Moja ni ya silikoni, na kila atomi yake ina majirani 4 wa oksijeni. Ya pili ni ya alumini, yenye majirani 6, na wanne kati yao ni hizo jozi. Moto ukipita nyuzi 450 hivi za Selsiasi, jozi moja humpora mwenzake haidrojeni. Maji huzaliwa hapo hapo na kutoka yakiwa mvuke. Kaolini safi hupoteza karibu asilimia 14 ya uzito wake kwa njia hii. Alumini iliyopokonywa majirani hujipanga upya inavyoweza: nyingine inabaki na 6, nyingine 5, nyingine 4. Chapati ya silikoni haichaniki, ila inapindapinda. Hiyo sasa ni metakaolini, na chembe zake zinaanza kushikana. Ukiiloweka hairudi kuwa tope, kwa sababu maji ya ndoo hayana nguvu ya kuzirudisha zile jozi mahali pake.

Msomaji, Nairobi: Majirani 5! Nani aliwahesabu?

Swali zuri, maana eksirei hapa hushindwa. Eksirei husoma atomi zilizopangwa kwa safu, na metakaolini haina safu. Picha yake ni kituta kimoja kipana kisichosema kitu. Jibu lilikuja miaka ya 1980, pale sampuli ilipowekwa ndani ya sumaku kali na kuzungushwa maelfu ya mara kwa sekunde ikiwa imeinamishwa nyuzi 54.7, kisha viini vya alumini "vikasikilizwa". Kila ujirani una sauti yake: wenye 6 husikika karibu na sifuri ya kipimo, wenye 4 karibu na 60, na katikati, kwenye 30 hivi, wakasikika wale wenye 5.

Mwanafunzi wa kidato cha sita: Mwalimu anasema udongo ukifika nyuzi 980 unatoa joto badala ya kula. Anatutania?

Hatanii. Mkemia Mfaransa Le Chatelier alikwishapima mabadiliko ya joto katika udongo unaochomwa mwaka 1887. Fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni: watu wamesimama, mguu mmoja juu, kichwa kimepinda. Hao ndio atomi za metakaolini. Mpangilio usio wa raha umehifadhi nishati. Kwenye nyuzi 980 hivi atomi zinapata uwezo wa kusogea na kukaa vitini, na nishati ile inatoka ghafla. Alumini wenye majirani 5 karibu wote wanatoweka hapo. Vinavyotokea ni fuwele ndogo mno za jamii ya spineli, mbegu za mulaiti, na silika (silikoni na oksijeni) isiyo na mpangilio. Ubishi ni juu ya kipi hasa kinatoa joto hilo. Watafiti Brindley na Nakahira waliandika maelezo yao mwaka 1959, na wataalamu wangali wanavutana. Mimi nadhani jibu hubadilika kulingana na udongo ulioanza nao.

Na hiyo mulaiti?

Jina limetoka kisiwa cha Mull, Uskoti. Ni alumina (alumini na oksijeni) 3 kwa silika 2. Juu ya nyuzi 1200 hukua kama sindano, ndiyo maana matofali ya tanuri yanahimili moto. Kaolini ina silika kupita mahitaji ya mulaiti. Theluthi mbili ya silika yote hubaki nje.

Fundi wa maabara, Morogoro: Nikichanganya alumina na silika mwenyewe, bila udongo?

Inawezekana, ila inategemea umekoroga vipi. Zikichanganyika atomi kwa atomi ndani ya jeli, mulaiti hutokea kwenye 980 hivi. Zikibaki chembe chembe, hata ndogo kiasi gani, itabidi upite 1200, kwa kuwa atomi zina safari ndefu ya kukutana. Viungo ni vile vile.

Fundi ujenzi: Nataka kuchoma kaolini ya Pugu nichanganye na chokaa. Moto kiasi gani?

Nyuzi 650 hadi 800. Ukikaribia 900 na zaidi unaiua, kwa sababu vurugu ile ya atomi ndiyo inayoiwezesha kushikana na chokaa. Ikishajipanga, imekuwa mvivu. Kausha sampuli vizuri kwanza. Mimi niliwahi kuwa na haraka, donge bichi likapasuka tanurini kama bisi. Kisha pima, choma, pima tena. Gramu 500 za kaolini safi hutoka 430. Ya Pugu ina mchanga ndani, kwa hiyo haitapungua kiasi hicho. Uzito ukiacha kushuka, zima moto. Mizani haitakwambia umepitiliza.