Mataifa Yote Mbele ya Kiti cha Enzi: Maswali ya Wasomaji

Bwana asifiwe, Mwalimu. Mathayo 25 inasema mataifa yote yatakusanywa mbele ya Mwana wa Adamu. Je, nchi itahukumiwa kama nchi, au kila mtu na lake?

Asifiwe sana. Wanakusanywa mataifa, wanatengwa mtu mmoja mmoja. Yanayoulizwa pale ni mambo ya mtu: nani alimlisha mwenye njaa, nani alimvika aliye uchi, nani alikwenda kumwona mfungwa. Hata hivyo, wenye madaraka na majeshi wasijifariji. Soma Amosi sura ya 1 na ya 2. Waamoni wanashtakiwa kwa kuwapasua matumbo wajawazito wa Gileadi ili kupanua mipaka. Moabu inashtakiwa kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hadi ikawa chokaa. Moabu haikuwa na torati, wala Edomu haikuwa Israeli, lakini Mungu aliona na akadai. Kisha zamu ikawafikia Yuda na Israeli wenyewe.

Mwalimu, wazee wetu walizikwa kabla injili haijafika kijijini kwetu. Mhubiri mmoja alisema msibani kwamba wote wako motoni. Nimekosa usingizi.

Pole sana, dada yangu, na hasa kwa kuambiwa hayo msibani. Huyo alitoa hukumu ambayo hakupewa kuitoa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na sehemu nyingi za bara zilipata wahubiri miaka mingi baadaye. Mungu hakuanza kuwa mwenye haki siku mmisionari aliposhuka chomboni.

Paulo, katika Warumi 2, anasema waliokosa pasipo sheria hawapimwi kwa sheria ambayo hawakuwa nayo. Dhamiri zao zitawashuhudia, ziwashtaki au ziwatetee. Katika Luka 12, mtumwa ambaye hakujua mapenzi ya bwana wake anapigwa kidogo, na aliyejua anapigwa sana. Tena Yesu anasema, katika Mathayo 12, kwamba watu wa Ninawi na Malkia wa Kusini watasimama siku ile na kukihukumu kizazi kilichomsikia yeye mwenyewe. Watu wa mbali, ambao wacha Mungu wa siku zile wangewahesabu nje kabisa, wanasimama kama mashahidi!

Sikuahidi kwamba kila mmoja amesalimika, maana Maandiko hayasemi hivyo. Wokovu ni katika Kristo peke yake (Matendo 4:12), lakini rehema yake inawafikia akina nani ni yeye anayejua. Unapoomba, shika swali la Abrahamu alipoitetea Sodoma: “Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?”

“Ndugu zangu walio wadogo” ni akina nani? Kanisani kwetu tunafundishwa ni Wakristo tu.

Fundisho hilo lina msingi. Katika Mathayo 12 Yesu anawaita ndugu zake wale wayafanyao mapenzi ya Baba, na katika sura ya 10 anataja kikombe cha maji baridi anachopewa mmoja wa wadogo kwa kuwa ni mwanafunzi. Kwa hiyo nakubali kwamba wanafunzi wanaoteswa wamo, tena wa kwanza. Ninachokataa ni kulitumia fundisho hilo kama uzio. Kwenye ile habari hakuna mwenye haki aliyeuliza dini ya mgonjwa kabla ya kumtazama, wote wanashangaa, “Bwana, ni lini tulipokuona?” Anayechagua wa kumlisha kwa kadi ya ushirika hajaisoma sura hiyo hadi mwisho.

Kama tunaokolewa kwa imani, kwa nini tuhukumiwe kwa matendo?

Waefeso 2 ina yote mawili katika mistari mitatu, wa 8 hadi wa 10: kwa neema, kwa njia ya imani, tupate kutenda matendo mema. Matendo ndiyo yanayoonyesha imani ilikuwa hai au ilikuwa ya mdomoni.

Kuna mtumishi anayetaja mwaka wa hukumu. Tumsikilize?

Hapana. Marko 13:32 inasema siku ile hakuna aijuaye, hata Mwana, ila Baba. Wafuasi wa mhubiri William Miller huko Marekani walingoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844, na siku ikapita. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto, ilianza kufukuliwa kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ambako watu walifunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mtumishi huyo akiwaambia muuze shamba, muache dawa au mwondoe watoto shuleni, ondokeni hapo leo na mkatoe taarifa kwa wazee wa kanisa na polisi.