Jina kwanza, skana baadaye

Akina mama tisa wamesimama mbele ya ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Mmoja amempakata mtoto, na wa mwisho kulia amekatwa nusu na ukingo wa picha. Nyuma ya picha pana muhuri wa studio uliofifia, basi. Mwenye picha, nyanya mmoja wa huku kwetu, alitukabidhi sisi tunaokusanya historia ya mtaa albamu nzima tukaondoka nayo, maana tulikuwa tumeazimwa skana kwa wiki mbili tu. Tukaambiana: tuskani kwanza, majina tutamuuliza tukirudisha.

Tuliporudi alikuwa amepata kiharusi. Aliishika ile picha, akaweka kidole juu ya uso wa mama wa tatu kutoka kushoto, akatutazama. Midomo ikasogea, sauti haikutoka. Akajaribu tena, na tena. Alimjua vizuri sana. Sisi ndio hatumjui, mpaka leo.

Kwa hiyo vijana wakinijia wakisema wanataka kukusanya historia ya mtaa wao, na swali la kwanza likawa wanunue mashine gani, huwaambia wanunue daftari na penseli. Nairobi tumeshaonja uchungu wa kupoteza majina. Mtaa wa Kariokor umeitwa hivyo kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpagazi hata amechongewa sanamu pale Kenyatta Avenue, pamoja na askari wawili, tangu 1928. Ana sura, ana mzigo, jina hana. Wapagazi walikufa kwa maelfu na wengi wao hawana hata kaburi lenye jina. Sisi tusiwafanyie hivyo wazee wetu wakiwa bado wanaongea.

Siku hizi hatuchukui albamu ya mtu. Tunakwenda wawili nyumbani kwake, Jumamosi mchana, baada ya kumpigia mwanawe au mjukuu. Mmoja anauliza, mwingine anaandika, na simu inarekodi mezani kama mwenyeji ameridhia. Tunahesabu watu kutoka kushoto, safu ya mbele kwanza, na kila mtu anapata namba. Hapo kuna mtego mmoja: huku kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Utaambiwa "huyu ni Mama Otieno", nawe utaandika na kuendelea, na miaka hamsini baadaye hakuna atakayejua ni Mama Otieno yupi. Uliza kwa upole, "Na yeye mwenyewe, nyanya, aliitwa nani?" Mara nyingi swali hilo ndilo linalofungua mazungumzo: alikotoka, aliuza nini, alifikaje Nairobi. Majina ya utani pia yaandikwe, maana wengine mtaani walijulikana kwa hayo tu.

Chai ikija, kunyweni, lakini picha ziondolewe mezani kwanza.

Zile albamu za kurasa zenye gundi zinahitaji subira. Piga picha ukurasa mzima kabla ya kugusa chochote, kwa sababu mpangilio nao una habari. Picha iliyoganda usiivute. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake taratibu, na ikikataa, iache hapo hapo. Nyuma andika kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino, na selotepu isikaribie kabisa. Kuskani kwenyewe si kazi ngumu: picha ndogo tunaziskani kwa nukta 600 kwa inchi, tunaweka nakala tatu, moja ikiwa nje ya mtaa. Wakikutumia picha kwa WhatsApp, waombe waitume kama faili, la sivyo itafika imebanwa na sura zimefifia.

Ruhusa msiichukulie kuwa karatasi ya kutia sahihi tu, hata kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana. Mzee mmoja alitusimulia asubuhi ya Operesheni Anvil, msako mkubwa wa wakoloni Waingereza dhidi ya Mau Mau jijini Nairobi, Aprili 1954, wanaume walivyotolewa nyumbani na kupangwa mistari ili wachujwe. Alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ya mwisho msiitoe nikiwa hai." Tumeifunga. Mwenzetu mmoja aliona tunapoteza hazina. Mimi naamini mzee aliyelindwa ndiye atakayewaambia wenzake watufungulie milango.

Na wanaojitolea wasiachwe watoe nauli mfukoni. Sisi tulipoteza watu wawili wazuri sana kwa sababu hiyo, wala hawakulalamika. Waliacha tu kuja.

Ile picha ya akina mama tuliichapisha kubwa, tukawapa namba, tukaanza kuizungusha kwenye vikao vya wazee. Sita wamepata majina. Yule aliyekatwa nusu alitambuliwa na bintiye, kwa mkono tu, kwa sababu ya kovu. Namba tatu bado iko wazi kwenye daftari, na Jumamosi hii tunaipeleka Makongeni.