Rafiki si mwenzi wa gwaride

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza kama kijana ambaye rafiki yake amekwisha kutiwa kasumba na dola ya kiimla anapaswa kuachana naye, au aendelee kushikamana naye kwa ajili ya uaminifu. Nimelitafakari kwa kurejea Ujerumani ya Hitler, kwa kuwa huko mamilioni ya watoto walilazimika kulijibu kwa wakati mmoja, na baadhi ya majibu yao yamehifadhiwa. Lakini nakiri kwamba neno "uaminifu" katika swali hilo linanitatiza, maana ndilo neno ambalo watawala wale walilitwaa mapema kuliko mengine yote.

Watu wengi hudhani kwamba utawala wa namna hiyo huupiga vita urafiki waziwazi. Ingekuwa hivyo, watoto wangeutambua mtego. Hitlerjugend, jumuiya ya vijana ya chama cha Nazi, haikumwambia mtoto aachane na marafiki. Ilimpa wenzake tele, pamoja na mahema, nyimbo, moto wa jioni, sare na kisu chenye maandishi ya "Damu na Heshima". Samaki alikunjwa angali mbichi: kila tarehe 20 Aprili, siku aliyozaliwa Hitler, wavulana wa miaka kumi waliingizwa katika tawi la wadogo, Jungvolk, na kumwapia kiongozi huyo utii. Jumuiya hiyo ilikuwa na wanachama wapatao 100,000 Hitler alipoingia madarakani mwanzoni mwa 1933, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepita milioni mbili, baada ya jumuiya nyingine za vijana kuvunjwa au kumezwa. Machi 1939 kuitumikia kukawa lazima. Hitler mwenyewe hakuficha kusudi: Desemba 1938, mjini Reichenberg, alieleza jinsi mtoto atakavyopokezwa kutoka Jungvolk hadi Hitlerjugend, kisha chama, kisha kazi za lazima na jeshi, akamalizia kwamba vijana hao hawatakuwa huru tena maisha yao yote. Aliyasema hayo hadharani, na kwa majivuno.

Hoja yangu ni kwamba jumuiya ile iliiba maneno ya urafiki na kuyapa maana nyingine. Mwenzi wa gwaride ni yeyote anayesimama kulia kwako. Leo ni huyu, kesho akiondolewa atasimama mwingine, na safu itabaki vilevile. Uaminifu wenu haupiti baina yenu wawili, bali kila mmoja anaupeleka juu, kwa kiongozi, na mnakutana huko. Rafiki hana wa kushika nafasi yake. Tena marafiki wawili huwa na siri, hata kama ni siri ya kitoto, na siri ndiyo kitu ambacho dola ile haikuweza kukivumilia, ndiyo maana iliunda doria ya vijana, Streifendienst, ili wavulana wawachunguze wavulana wenzao barabarani na kuwatolea taarifa.

Melita Maschmann alijiunga na tawi la wasichana kwa siri mwezi Machi 1933, akiwa na miaka kumi na mitano, kinyume cha matakwa ya wazazi wake. Alikuwa na rafiki wa shuleni mwenye asili ya Kiyahudi. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1963, alichapisha kumbukumbu zake kwa sura ya barua kwa rafiki huyo, na humo alikiri kwamba aliwahi kukubali kuipeleleza familia ya rafiki huyo. Chuki si jambo linaloniumiza katika kisa hiki, kwa kuwa hakuwa akimchukia. Alikuwa amejifunza kumweka rafiki upande mmoja wa moyo na "Wayahudi" upande mwingine, pasipo pande hizo kukutana. Kasumba iliyokomaa haihitaji kuufuta upendo. Inauacha pale pale, ila inauondolea uwezo wa kuzuia lolote. Kwa hiyo ninaposikia mtu akijifariji kwamba "rafiki yangu bado ananipenda", huuliza kama upendo huo unaweza kumzuia asinichongee.

Upande wa pili nitamtaja Helmuth Hübener wa Hamburg, ambaye naye alipitia Jungvolk na Hitlerjugend kama wengine. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alianza kusikiliza habari za redio ya Uingereza, kosa lililoweza kumpeleka mtu gerezani, akaziandika katika karatasi za kusambazwa mitaani. Aliwashirikisha marafiki zake wawili wa kanisani, Rudolf Wobbe na Karl-Heinz Schnibbe, na baadaye kijana wa kazini kwake. Kwa maelezo ya marafiki zake walionusurika, waliahidiana kwamba atakayekamatwa atajitwika lawama zote. Angalieni jinsi ahadi hiyo ilivyo kinyume cha kiapo cha tarehe 20 Aprili: haimtaji kiongozi yeyote, haina bendera, na imetolewa kwa watu wenye majina. Alikamatwa Februari 1942, baada ya msimamizi wake kazini kumchongea. Mbele ya mahakama alijitahidi kuubeba mzigo peke yake. Wobbe alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na Schnibbe miaka mitano, naye Hübener akakatwa kichwa katika gereza la Plötzensee, Berlin, tarehe 27 Oktoba 1942, akiwa na miaka kumi na saba.

Hans Scholl, aliyekuwa kiongozi mwenye ari katika Hitlerjugend kabla ya kuikinai, alikamatwa Munich tarehe 18 Februari 1943 kwa kusambaza karatasi za kuupinga utawala huo, akiwa na rasimu ya karatasi nyingine iliyoandikwa kwa mkono na rafiki yake Christoph Probst, baba wa watoto watatu. Aliichanachana, na katika mahojiano akajaribu kumkinga mwenye mwandiko. Haikufaa kitu, siku nne baadaye waliuawa wote wawili, pamoja na Sophie, dada yake Hans. Namtaja Hans kwa sababu anaonyesha pia kwamba mtu aliyemezwa anaweza kutapikwa, jambo linalonizuia kuwashauri wasomaji wamkatie tamaa kila aliyevaa sare.

Basi jibu langu ni hili. Ningebaki karibu na rafiki huyo, ningemsalimu, ningekula naye, na ningebishana naye kuhusu mambo ambayo hasara yake ingeniangukia mimi peke yangu. Lakini nisingemtajia jina la mtu mwingine, wala nyumba tunamokutania, wala aliyetuazima redio, hata kama aliwahi kuwa msiri wangu tangu utotoni, kwa maana siri hizo si mali yangu na sina haki ya kuupima urafiki wetu kwa shingo za wengine. Akiniuliza kwa nini siku hizi simwambii mambo, nitamjibu kwamba simwambii, na sababu nitamweleza siku atakapoivua ile sare.