Maswali na majibu: Kanuni mia tisa, mwenyewe hakuna

Maswali ya katalogi za data, yaani orodha ya majedwali ya kampuni na maelezo yake, yameongezeka sana siku hizi. Nimechukua tisa. Yale ya "metadata ni nini" (ni data inayoeleza data nyingine) nimeyaweka pembeni. Nimeshayajibu hapa zaidi ya mara moja.

Mwalimu, tununue katalogi gani? (Meneja, Posta, Dar es Salaam)

Yoyote ambayo vijana wako wataifungua Jumatatu asubuhi bila kulazimishwa. DataHub ilianzia LinkedIn, Amundsen ilianzia Lyft, Atlas iko chini ya Apache, OpenMetadata nayo ipo. Zote unazipakua bila kulipa, na zote unaweza kuziingizia metadata kwa programu badala ya kubofya kwa mkono. Ungeniuliza nani atakuwa mwenye jedwali la wateja, ningekuandikia kurasa tatu. Hilo la kununua usinirudie nalo mwakani.

Shikamoo mwalimu. Tuna majedwali elfu nne, hakuna lenye maelezo. Bosi anataka akili mnemba iyaandike yote usiku mmoja. Inawezekana? (Injinia wa data, Morogoro)

Marahaba. Inawezekana, na hapo ndipo ninapoogopa.

Kuna metadata ambayo mashine inaijua kuliko wewe: safu (kolamu) ni ya aina gani, ina nafasi tupu ngapi, jedwali lilijazwa lini mara ya mwisho, nani kalitumia mwezi huu, na limezaliwa na majedwali yapi. Hiyo nasaba husomwa kwenye kumbukumbu za maswali, yaani maombi ya data yanayotumwa kwa kanzidata, ambazo kanzidata inajitunzia yenyewe. Haya yote yajiendeshe kila usiku. Mtu anayeyaandika kwa mkono anapoteza muda wake na wa mwajiri.

Kuna nyingine ambayo mashine haina kabisa, nayo ni maana. Niliwahi kukuta katalogi ambamo safu iitwayo amt_2 imeelezwa hivi na akili mnemba: "Kiasi cha pili cha muamala." Kiswahili fasaha, faida hakuna. Nikaenda kwa dada mmoja wa uhasibu aliyekuwepo tangu mfumo unasimikwa. Akacheka. Akaniambia amt_2 ni makato ya wakala, isipokuwa kwa miamala ya kabla ya mfumo kubadilishwa, ambako safu hiyohiyo ni salio baada ya makato. Hilo halikuwa limeandikwa popote. Lilikaa kichwani mwa mtu mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu.

Basi fanyeni hivi. Kumbukumbu za maswali zitawaonyesha majedwali machache yanayotumika kweli. Anzeni na hayo. Mashine iandike rasimu, mwenye kujua akae na chai yake asahihishe. Rasimu ibaki na lebo ya "haijathibitishwa" mpaka mtu aweke jina lake. Mengine elfu tatu na kitu yaacheni matupu. Nafasi tupu inamwambia msomaji kwamba hamjui, na ni kweli hamjui. Sentensi nzuri iliyobuniwa itamdanganya, naye ataibeba mpaka kwenye ripoti ya bodi.

Hili hukuniuliza: msipeleke sampuli za data za wateja kwenye huduma ya akili mnemba iliyo nje ya nchi eti ielewe safu vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu. Ipeni majina ya safu na aina zake. Inatosha.

Programu ya kuchunguza data ilitupendekezea kanuni za ubora, yaani masharti ambayo data lazima itimize, zaidi ya mia tisa. Tulizikubali zote. Sasa arifa zinaingia usiku kucha na hakuna anayezisoma. (Mchambuzi, Kisumu)

Mlikubali zote! Kanuni mia tisa kwa mbofyo mmoja, kama mtu anayekubali masharti ya programu ya simu.

Kanuni iliyopendekezwa kutokana na data ya zamani ni picha ya zamani. Chukua mfano wa hukohuko kwenu. Namba za simu za mkononi Kenya zilianza na 07 kwa miaka mingi. Mashine ikizisoma inaona 07 tupu, inapendekeza: namba lazima ianze na 07. Ukiitazama haina kasoro. Mwaka 2019 zikaanza kutolewa namba za 010 na 011. Kanuni ile haikuharibika, iliendelea kufanya kazi yake vilevile, ila kazi yenyewe sasa ikawa kuwakataa wateja wapya.

Huku kwetu ni mikoa. Orodha iliyogandishwa mwaka 2015 ina mikoa 30. Januari 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, ikawa 31. Kanuni inayodai mkoa uwe mmoja wa ile 30 inamkataa mteja wa Tunduma aliyejaza fomu sawasawa, na inampitisha karani aliyeandika Mbeya kwa mazoea. Yaani mkosaji kapita, mkweli kakamatwa. Kanuni ya aina hiyo isibebe orodha tumboni mwake. Iulize jedwali rejea la mikoa, na jedwali hilo liwe na mtu anayelisasisha siku serikali inapotangaza.

Kesho zimeni zote mia tisa. Ndiyo, zote. Kisha kila anayetaka kanuni yake irudi ajibu: ikivunjika nani anaamshwa, na akiamshwa anafanya nini? Asiyekuwa na jibu, kanuni yake haina kazi. Zitakazorudi zigawanyeni mafungu matatu: za kusimamisha mzigo usiingie kwenye ghala la data, za kumwita mtu asubuhi, na za kuandikwa daftarini tu. Fungu la kwanza likizidi vidole vya mikono kwa jedwali moja, mmeanza tena.

Najua ninachosema. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na folda ya arifa za ubora ambayo sikuifungua miezi minne. Arifa ya kweli, ya jedwali la malipo kujazwa mara mbili, ilikuwa humohumo.

Kanuni tuziandike kwenye skrini ya katalogi au kwenye faili? (Kijana wa Kigali)

Kwenye faili, ikae pamoja na msimbo unaotengeneza jedwali lenyewe, ili anayebadilisha safu aione kanuni papo hapo, na mabadiliko yapitiwe na macho ya pili. Katalogi iwe inasoma kutoka huko. Ukianza kubofya kwenye skrini, baada ya mwaka hakuna anayejua nani aligeuza kikomo cha 5 kuwa 50.

Kwa kuwa uko Kigali: faranga ya Rwanda, shilingi ya Uganda na faranga ya Burundi kwenye kiwango cha ISO 4217, cha kimataifa cha sarafu, hazina senti. Kanuni ya "kiasi kiwe na tarakimu mbili baada ya nukta" uliyoinakili kutoka jedwali la Nairobi itakusumbua. Kila safu ya fedha iwe na metadata ya sarafu yake.

Kila asubuhi jumla ya miamala ya jana kwenye ghala la data hailingani na ya mfumo wa mauzo. Tofauti ni ndogo, ila haiishi. Tuweke kanuni ya kuvumilia asilimia 2? (Mhasibu, Arusha)

Hapana! Kabla hujavumilia, tazama saa. Nabashiri mfumo wa mauzo unahesabu siku kwa saa zetu na ghala linahesabu kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, na sisi tuko saa tatu mbele. Muamala wa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, ghalani umeandikwa saa tano usiku Jumatatu. Kila kinachofanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku kinahamia siku ya nyuma. Siku ya kawaida hiyo ni miamala michache, ndiyo maana tofauti ni ndogo. Subiri mkesha wa mwaka mpya uone.

Dawa ni metadata: kila safu ya muda iseme ni saa za wapi, na mashine ikatae jedwali jipya lenye safu ya muda isiyosema. Hiyo ni kanuni moja rahisi, na inajiendesha. Halafu mkimaliza, mtafuteni aliyejaza 1:30 kwenye fomu za mashambani akimaanisha saa moja na nusu asubuhi. Kwenye mfumo imeingia kama saa saba na nusu usiku, na kuna mtu pengine anatengeneza mchoro wa wafanyakazi wanaovuna gizani.

Tunakusanya takwimu za chanjo kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya. Kanuni inasema Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya Penta) isizidi Penta 1 (dozi ya kwanza). Tulipoifanya izuie fomu isikamilike, makosa yakaisha mwezi mmoja tu. Naona tumefaulu. (Afisa takwimu, ameomba asitajwe wilaya)

Mimi naona mmewafundisha wauguzi kudanganya.

Fikiria zahanati. Watoto hupata Penta wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mwezi huu wamechanjwa 19 dozi ya kwanza na 23 ya tatu. Inawezekana kabisa: dozi ziliisha mwezi uliopita, waliokosa wakarudi kwa pamoja, au kina mama wamehamia wakati wa kilimo, na dozi ya kwanza walipata kwingine. Muuguzi anajaza ukweli, fomu inagoma. Ni saa kumi na moja jioni, mtandao unakatika, foleni iko mlangoni. Atafanya nini? Atageuza 23 iwe 19, fomu itapita, kosa "litaisha". Daftari la zahanati litabaki na 23, nanyi wilayani mtakuwa na namba safi isiyo ya kweli.

Mpangilio wa kuzuia mnaweza kuuzima. Iacheni kanuni iwe onyo, na muuguzi aandike sababu kwa sentensi moja. Kisha wilayani mtu asome hizo sentensi. Kama hakuna wa kuzisoma, basi msimsumbue muuguzi. Na ombi langu: pitieni upya miezi iliyofuata baada ya kuzuia, mhesabu ni fomu ngapi zina Penta 1 sawasawa na Penta 3. Zikiwa nyingi kuliko zamani, jibu mmelipata.

Je, katalogi inaweza kutambua taarifa binafsi yenyewe na kuziwekea lebo? (Mwanasheria, Dodoma)

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Mashine haikosi hapo. Inapokosa ni safu ya maelezo huru, ambako karani ameandika "mteja hapokei, mpigie shemeji yake" na namba ya shemeji. Shemeji hajawahi kusaini chochote kwenu. Safu zote za maandishi huru zihesabuni kuwa na taarifa binafsi mpaka ithibitike vingine.

Lebo peke yake haifuniki kitu. Iungwe na ruhusa: ikibandikwa, safu ifunikwe kwa asiyehusika, na lebo ifuate nasaba mpaka kwenye nakala iitwayo jaribio_mwisho_kabisa2 ambayo mchambuzi aliifanya akaisahau. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2019, wana saa 72 za kumtaarifu Kamishna wa Data, data ikivuja. Saa 72 hazitoshi kuanza kuuliza nakala ziko ngapi.

Bosi anataka alama moja ya ubora kwa data yote, kwa asilimia. Tumepata 98. (Nairobi)

98 ya nini? Zile 2 zikiwa ni namba za akaunti, hamna benki.

Tufute majedwali ambayo hayajaguswa kwa siku 90? (Injinia wa data, Dar es Salaam)

Siku 90 ni fupi kuliko mwaka wa fedha. Wa serikali hufungwa Juni 30, na nakuhakikishia kuna jedwali linalofunguliwa mara moja tu, wiki ya kwanza ya Julai, na mtu mmoja ambaye humjui. Yahamishie kwenye hifadhi ya bei nafuu, ondoa ruhusa ya kusoma, subiri miezi kumi na tatu. Atakayekupigia simu akifoka, ndiye mwenye jedwali. Andika jina lake kwenye katalogi kabla hajakata.